Baba, Mshike Vizuri!

Msomaji wangu, mwezi huu naanza na aibu yangu mwenyewe. Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa sebuleni na chai yangu. Binti yangu wa miaka 6 akatoka chumbani na kiatu mkononi, akanipita, akaenda mpaka jikoni kwa mama yake. "Mama, mwambie baba anifunge kamba."

Mimi nipo pale pale, hatua tatu tu! Mama watoto alicheka. Mimi sikucheka. Yaani mtoto wangu wa kumzaa anaongea na mimi kupitia msemaji, utadhani naongoza wizara.

Nilipotulia nikaona hana kosa. Tunaishi Kibaha na kazi yangu iko katikati ya Dar es Salaam, kama kilometa 40 kwenda na 40 kurudi. Barabara imepanuliwa kutoka Kimara mpaka Kibaha, ni kweli, lakini ukiimaliza hiyo foleni inakusubiri mbele. Natoka saa 11 alfajiri, watoto wamelala. Narudi saa 3 usiku, wamelala. Binti yangu alinijua kama mtu wa kulipa ada. Na wewe unayesoma hapa ukiwa Mbagala, Tegeta au Chanika, usijifanye hunielewi.

Basi nikafanya kile tunachofanya akina baba wa mjini tukijua tumekosea: nikatoa pochi. Wikiendi iliyofuata nikawapeleka watoto sehemu yenye bembea, chipsi na aiskrimu. Walifurahi sana, tena sana. Walifurahi na bembea. Mimi nilikaa mezani na simu, najibu meseji za ofisini. Tuliporudi nyumbani binti akamsogelea mama yake: "Mama, mwambie baba ahsante."

Msemaji yule yule!

Aliyenizindua ni jirani yangu, fundi seremala. Nilimsimulia tukiwa tunasubiri daladala, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unacheza nini?" Nikamjibu, tiara. Akasema, "Sasa?"

Ilikuwa Juni, upepo wa kusi umeshaanza, na huo ndio upepo wa kurushia tiara mpaka Septemba. Tukachomoa chelewa mbili kwenye ufagio, tukazifunga msalaba, tukabandika gazeti kwa uji mzito wa ngano. (Gazeti la kawaida jamani, siyo kurasa hizi. Karatasi yetu inang'aa lakini ni nzito, haipai.) Nikajitapa mbele ya watoto kwamba baba yao alikuwa bingwa. Tiara ikapanda mita mbili, ikazunguka kama mlevi, ikaanguka. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu ikanipiga kichwani. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha mdogo, wa miaka 3, akaokota kipande cha khanga kuukuu na kukiburuta nyuma yake, ndipo nikakumbuka: mkia! Tulikuwa tumeufanya mfupi. Tukaurefusha, ikapanda. Ukijaribu, nenda uwanjani mbali na nyaya za umeme.

Nilijifunza kitu pale ambacho bembea haikunifundisha. Watoto hawakuhitaji baba bingwa. Walimpenda zaidi yule aliyepigwa na tiara kichwani.

Maneno ya watu yapo, sikufichi. Mwanaume mzima unakimbia na tiara mtaani, lazima mtu aseme umelishwa limbwata. Mmoja aliniambia ana kwa ana. Nikamwambia kama limbwata lenyewe ndilo hili, aniombee niongezewe.

Mradi wa vifaranga

Tiara ni ya msimu. Kilichobadilisha nyumba yangu ni kuku. Tulinunua vifaranga 12 wa kienyeji, nikampa binti daftari. Jina la kifaranga ukurasa huu, siku aliyofika, rangi yake. Jirani alitusaidia kusimamisha banda, mimi na watoto tukapigilia misumari, mingine ikapinda, haidhuru. Wiki ya pili mwewe alimchukua mmoja. Binti akaandika kwenye daftari: "Ameondoka na mwewe." Aliniuliza, kupitia mama yake, kama mwewe naye ana watoto. Nikajibu ndiyo. Akakaa kimya muda mrefu.

Kisha tukasikia kideri kimeingia mtaa wa pili. Kama hujafuga, kideri ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa, na unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo. Wengi hawajui kwamba hapa hapa Kibaha ndipo ilipo taasisi inayozalisha chanjo za mifugo, chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na ya kideri ni mojawapo. Ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo dozi ni ile ile, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Unachanja kuku akiwa mzima. Akishaugua umechelewa.

Afisa mifugo alituonyesha jinsi ya kufanya. Hiyo kazi, msomaji wangu, mtu mmoja haiwezi vizuri. Mmoja anamshika kuku na kumlaza kichwa upande, mwingine anadondosha. Binti akataka kudondosha. Kwa hiyo mimi nikawa mshikaji.

Kuku wa kwanza alinishinda, akapiga mabawa, vumbi likaniingia mdomoni. Binti amechuchumaa mbele yangu, kichupa juu, uso umekunjwa kama daktari. Mama yake alikuwa ndani, hayupo hata karibu. Akasema:

"Baba, mshike vizuri!"

Nikamshika vizuri. Tone likaingia. Kuku akapepesa jicho, binti akahesabu moja, mbili, tatu kama alivyofundishwa, akaniambia mwachie. Tulifanya hivyo mara 11, na mara zote 11 aliniamrisha mimi. Tuliponawa mikono alikuwa bado ananiamrisha nitumie sabuni.

Kwa babu, Kisarawe

Likizo hiyo hiyo nikawapeleka Kisarawe kwa mzee wangu. Ukiangalia ramani, Kibaha na Kisarawe ni majirani, lakini kwa daladala tulishuka mpaka jijini tukapanda tena kupitia Gongo la Mboto na Pugu. Kwa watoto hiyo nayo ilikuwa burudani.

Mzee wangu si mtu wa michezo. Nimekulia mikononi mwake na sikumbuki hata siku moja tukicheza. Ilikuwa "shikamoo baba," "marahaba," na kazi. Kwa hiyo nilishangaa kumkuta jioni amekaa mkekani na binti yangu, wanakata ndala mbovu kwa kisu, vipande vya duara. Magurudumu manne, vijiti viwili vya mishikaki, boksi la juisi, uzi wa kuvutia. Gari tayari.

Binti akamuuliza, "Babu, baba naye ulimtengenezea?"

"Hapana," mzee akajibu. "Alitengeneza mwenyewe. Lake lilikuwa la kopo la mafuta, linavuta kushoto. Nilikuwa namwangalia."

Nilikuwa sijui kama alikuwa ananiangalia. Lilikuwa linavuta kushoto kweli.

Kesho yake tuliingia msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wote na babu. Ni hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo ulizia kiingilio na uchukue mtu wa kuwaongoza, hasa mkitaka kufika kwenye mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe. Humo mna popo wengi. Mdogo aligoma kuingia, nikabaki naye nje tukahesabu vipepeo. Lakini kilichomshika binti ni mto Msimbazi. Anaujua kwa jina, maana mvua kubwa ikinyesha Jangwani inajaa maji, njia inafungwa na mimi nachelewa kurudi. Babu akamwambia mto ule unaanzia huku kwenye vilima vya Kisarawe. Binti akanigeukia: "Kumbe anayekuchelewesha anatoka kwa babu!"

Siku hizi wananitajia orodha. Wanataka kwenda Soga kuona treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria wa Dar na Morogoro mwaka 2024. Wanataka kuona Mlandizi, maana nilimwambia binti kwamba kule mtambo wa Ruvu Juu unasafisha maji ya mto yanayokuja mabombani. Mto wenyewe tutauangalia kutoka juu ya daraja, na mikono yao nitaishika mwenyewe. Gharama ya vyote hivyo haifiki ile ya bembea na chipsi.

Chanjo inayofuata iko kwenye kalenda ya ukutani, binti ameizungushia kalamu nyekundu. Imeangukia Jumatano. Nilijaribu kumshawishi tusogeze mpaka Jumamosi, akaniuliza kama kideri nacho kinasubiri wikiendi. Nimeshajaza fomu ya ruhusa kazini. Kwenye nafasi ya sababu nimeandika ukweli, na bosi bado hajanijibu.