Malaria Inayonasa Mishipani

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilifurika kaskazini mashariki mwa Kenya. Miezi michache baadaye malaria ililipuka Wajir, ikaangusha wakubwa kwa wadogo. Kilifi, huko pwani, ambako malaria haikauki, mtu mzima akiugua aghalabu hulala siku mbili tatu akainuka. Kimelea ni kilekile. Mbona madhara hayalingani? Jibu limo juu ya uso wa chembe nyekundu ya damu.

Kimelea hicho, Plasmodium falciparum, hukua ndani ya chembe hiyo kwa takriban saa 48. Adui yake ni wengu, unaochuja damu na kuziondoa chembe zilizokakamaa. Basi kikifikia kama nusu ya umri wake, kimelea hutoa protini iitwayo PfEMP1 na kuipachika kwenye vinundu vidogo juu ya chembe. Protini hiyo hunasa kwenye kuta za mishipa kama mbigili inavyong'ang'ania kikoi cha mchungaji. Chembe ikishanasa, haipiti tena wenguni. Zikinasa nyingi ubongoni, damu huzuiwa njia, na mgonjwa huingia degedege au kupoteza fahamu. Kwa mjamzito hunasa kwenye kondo la nyuma; Michal Fried na Patrick Duffy walilionyesha hilo mwaka 1996 kwa kuchunguza akina mama wa Kenya.

Kinga ya mwili ingeizuia protini hiyo, ila kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za kuiunda, kila moja na umbo lake. Umbo moja likitambuliwa, huibuka jingine. Mwaka 1998 Peter Bull na wenzake, wakifanya kazi Kilifi, walionyesha kuwa watoto huugua hasa kwa vimelea vyenye maumbo ambayo kingamwili zao hazijawahi kuyajua. Mkazi wa pwani huyajua mengi kadiri anavyokua. Sisi wa Garissa, tunaokaa misimu mirefu ya ukame kisha deyr, yaani mvua za vuli, ikatuletea mbu kwa wingi, hatuna akiba hiyo, hata tukiwa na mvi.

Kuna jambo jingine ambalo nasisitiza sana. Damu ya kidoleni hubeba zaidi vimelea vichanga, kwa kuwa vilivyokomaa vimenasa ndani. Darubini ikionyesha vichache, usidhani mgonjwa yuko salama. Kipimo cha haraka husaidia, maana hunasa HRP2, protini ambayo hata vile vilivyojificha huimwaga damuni vinapopasua chembe. Na sindano ya artesunate huua vimelea vingali vichanga, kabla havijanasa. Kwinini haiviwezi vizuri katika umri huo. Utafiti wa AQUAMAT wa 2010, kwa watoto 5,425 wa nchi za Afrika ikiwemo Kenya, ulikuta artesunate ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Galbet hapa Garissa, homa ikianza baada ya mvua, awe mtoto au mzee, apimwe siku hiyohiyo. Mwenye degedege, anayeweweseka au asiyeamshika apelekwe hospitali usiku huohuo, pasingojwe kuche.