Neno la tatu katika jina la komite yetu

Kila mara tunapofungua mukutano wa komite, kuna pahali penye watu wanacheka. Wanacheka wakati katibu anasoma jina lote: Komite ya usalama, ya usafi na ya kupendezesha mahali pa kazi. Kwa Kifaransa hilo neno la tatu ni embellissement. Si mimi niliyeliongeza. Liko ndani ya Kode ya kazi ya inchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. "Kupendezesha nini, papa delege? Shimo?" Ndivyo wananiuliza.

Mimi pia nilikuwa nacheka. Kwa miaka mingi, kazi yote ya lile neno la tatu ilikuwa kupanda maua karibu na lango la biro, na kupaka chokaa mawe ya njia penye magari ya wakubwa yanapita. Lakini sasa sicheki tena, na sababu yake ilianza na kashene, ile ya kuzuia mavumbi.

Kule penye mashini ya kuvunja mawe, mavumbi ni ya muchana na ya usiku. Kila mutu anapewa kashene yake. Ukipita saa mbili ya asubuhi, unaikuta kwenye mapua. Saa ine, iko chini ya kidevu. Saa sita, iko juu ya kaske, imekaa pale sawa kifaranga. Shefu wa usalama anapita, anaandika onyo. Onyo la tatu, unarudishwa nyumbani siku mbili bila malipo. Sisi wa sendika tulikuwa tunatetea mutu asipoteze zile siku mbili, halafu tunageuka kumufundisha: ndugu, mavumbi ya mawe yako na silika, inaingia kwenye mapafu, haitoki tena, inakausha mapafu polepole hata miaka ishirini kisha kuacha kazi. Anasikiliza, anaitikia kwa kichwa. Kesho yake kashene iko juu ya kaske.

Siku moja nilichukua kaye, nikaacha kufundisha, nikaanza kuuliza. Niliandika maneno vile yalitoka kinywani. "Inanuka mupira." "Inanifunga mupumuzi, nasikia sawa niko chini ya maji." "Jasho inajaa ndani." "Nikisema, mwenzangu hasikii; nikiitoa niseme, siirudishe." "Nafanana na mugonjwa." Mama mumoja mwenye kuendesha kamyo kubwa akasema: "Inaniachia alama mbili kwenye uso. Nikipanda bisi ya kurudi, batu bananiangalia. Nafika ku nyumba, batoto bananiuliza nani alinipiga." Katika kaye yote hakuna hata mumoja mwenye alisema hajui kama mavumbi yanaua. Wote walijua. Tulikuwa tunapoteza mate kwa somo lenye walishapita.

Kijana mumoja enjenia, memba wa komite, akaangalia ile kaye akaniambia: papa, hii kazi ya kuandika maneno ya watu, Wajapani waliifanya kuwa shule. Nilifikiri anachekesha. Lakini ni kweli. Kulikuwa mwalimu wa chuo kikuu, huko Hiroshima, jina lake Mitsuo Nagamachi. Tangu miaka ya 1970 aliweka mbinu yenye anaiita ya kansei, neno la Kijapani kwa kusema vile mutu anasikia kitu moyoni kupitia macho, masikio na mikono. Wanakusanya kwanza maneno ya watu wenyewe juu ya kitu: "nyepesi", "inanipa nguvu", "inanichosha". Halafu wanaonyesha watu mifano mbalimbali, kila mutu anasema ni neno gani linafaa kwa mufano gani. Kisha maenjenia wanatafuta ni kipimo gani kinaleta lile neno: urefu, uzito, sauti, rangi. Moyo wa mutu wanaufikisha kwenye santimetre na grama.

Kampuni ya Mazda, yenye makao yake ni kule kule karibu na Hiroshima, ilitumia mbinu hiyo kwa gari ndogo ya MX-5 iliyotoka mwaka 1989. Walitaka dereva asikie sawa yeye na gari ni mwili mumoja, sawa mutu na farasi wake. Kwa hiyo mukono wa vitesi waliufanya mufupi, wenye kusogea kidogo tu, na sauti ya bomba la moshi waliisikiliza na kuitengeneza kama watu wa muziki. Mwaka 2016 walifikisha gari milioni moja za aina hiyo. Mimi natembea na kinga, tena ya zamani, habari ya gari hainihusu sana. Lakini kama mutu anaweza kulipwa kwa kutafuta sauti yenye kufurahisha dereva, kwa nini asiweko mwenye kulipwa kwa kutafuta kashene yenye haifananishi mama na mutu aliyepigwa?

Wakubwa watasema: furaha ni ya gari na ya telefone, kwa kazi tunahitaji kitu chenye kinalinda, basi. Donald Norman, Mumarekani mwenye kusoma akili za watu, alifikiri karibu hivyo pia. Kitabu chake cha mwaka 1988 kilikuwa kinagombeza milango yenye hujui usukume ao uvute, na kwenye ganda lake kuliwekwa birika ya Mufaransa Jacques Carelman, yenye mukono na mudomo viko upande mumoja: ukimimina unajichoma. Lakini mwaka 2004 akaandika kingine, juu ya vile vitu vinagusa moyo, na ndani yake alikubali kama kwanza alikuwa ameusahau huo moyo. Jambo moja lenye lilimugeuza lilitoka Japani. Mwaka 1995 Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura waliwaonyesha watu namna mbalimbali za kupanga vibonyezo vya mashini ya benki, ile ya kutoa franga. Zenye kupendeza macho, watu walizisema pia ni rahisi kutumia. Noam Tractinsky, wa Israeli, hakuamini kama kwao itakuwa vile. Akairudia kule, ikatoka na nguvu zaidi.

Norman anaeleza kama mutu mwenye moyo mwepesi anavumilia taabu ndogo ya kitu, anatafuta njia. Mwenye hasira ao woga anakazana na ile taabu moja tu. Mwenye alishafanya kazi ya usiku chini ya mutu mwenye kumulalamikia anajua hiyo bila kitabu.

Lakini habari yenye ilinishika zaidi ni ya hospitali. Doug Dietz alikuwa mutu wa kuchora mashini za IRM kwa kampuni ya General Electric, kule Marekani. IRM ni lile bomba kubwa lenye mugonjwa anaingizwa ndani amelala, na linapiga kelele sawa nyundo kwenye shaba, na haifai kujitikisa hata kidogo. Siku moja alienda hospitalini kuangalia mashini yake mupya, akijivuna nayo. Akaona mutoto mwanamuke anakuja na wazazi, analia kwa woga. Wakaita munganga wa kulaza usingizi. Ndipo akajua kama watoto wengi, hata makumi nane kwa mia, walikuwa wanapigwa dawa ya usingizi kwanza ndipo waingie.

Hakuwa na franga za kutengeneza mashini ingine. Alienda kukaa na watoto wadogo, akauliza walimu wao na watu wenye kuwatunza hospitalini. Kisha mashini ikabaki ile ile, chumba kikageuka. Kule hospitali ya watoto ya Pittsburgh waliifanya merikebu ya wanyanganyi wa bahari: picha kwenye kuta, kwenye sakafu, kwenye mashini yenyewe. Ingine ikawa mutumbwi kwenye maji. Mutoto anaambiwa alale kimya asiutikisike mutumbwi, na akitulia ataona samaki wanaruka juu yake. Mwisho wa safari mutoto anachagua zawadi ndogo kwenye sanduku. Wenye kuhitaji dawa ya usingizi walipungua sana. Na kuna mutoto aliyeuliza mama yake kama wanaweza kurudi kesho.

Dietz hakuficha kelele ya mashini. Aliipa maana ndani ya hadisi. Na mashini yenyewe ilikuwa nzuri, ilikuwa inaona ugonjwa. Kama ingekuwa mbovu, ile merikebu ingekuwa uongo wa kudanganya watoto. Nasema hivi juu najua watu wetu. Ukiwaambia wakubwa fulani "furaha ya mufanyakazi", wataleta tisheti na kofia ya siku ya kwanza ya mwezi wa tano, yenye jina la kampuni, na kashene itabaki ile ile. Na angalia zile programu za kubeti kwenye telefone za vijana wetu, na rangi zake na sauti ya sarafu zinaanguka. Wale pia walijifunza kufurahisha mutu. Kwa hiyo mimi nauliza kwanza karatasi ya kipimo: hii kashene inazuia mavumbi kwa kiasi gani? Ya FFP2 lazima izuie sehemu 94 kwa mia. Kama haifiki pale, hata ikiwa na rangi ya TP Mazembe siitaki.

Mama zetu wana mwangaza juu ya jambo hili kutupita. Chukua wax ya Uholanzi, ya nyumba ya Vlisco, iliyoanzishwa pale Helmond mwaka 1846. Mingi ya majina ya zile picha yalitolewa huku Afrika na wenye kuuza na wenye kuvaa. Ile yenye picha ya bujia za motere, watu waliiita Six Bougies, na mwanamuke mwenye kuivaa alikuwa anasema bila kufungua kinywa kama yeye si wa kuchezea, anastahili motere ya silinda sita. Pamba ni pamba. Lakini akiwa ndani yake anatembea tofauti.

Na kwenye kaske zetu wafanyakazi wanaandika wenyewe: jina la mutoto, mustari mweusi na mweupe wa Mazembe. Shefu wa usalama anaagiza zifutwe. Nilimukasirikia, lakini iko na sababu yake: rangi fulani na maji ya kusafishia yanaweza kudhoofisha plastiki ya kaske. Tukamuomba basi atafute vipapio vyenye mutengenezaji wa kaske anavikubali. Hiyo alikubali, na tangu siku ile hakuna kaske yenye kusahauliwa kwenye kabati, juu kila mutu anatafuta yake.

Viatu vya wamama ni vita ingine. Wanawapa namba ndogo ya kiatu cha mwanaume, kisigino kinacheza ndani, wanajaza sokisi mbili. Mutu mwenye mguu unateleza ndani ya kiatu anapanda ngazi ya kamyo yenye urefu wa nyumba.

Kwa kashene, tuliomba za kujaribu. Zilikuja aina tatu, zote za FFP2. Tuliwapa watu wa mashini ya mawe na wa kamyo wazivae zamu nzima, halafu wakaandika maneno yao kwenye kaye ile ile. Yenye walipenda haikuwa ya bei kubwa kupita zote. Iko na kadirisha kadogo ka kutoa pumzi ya moto, inakuja kwa saizi mbili, na pembeni ina sponji laini. Mumoja aliandika neno moja tu: "Naisahau." Mama wa kamyo aliandika kama inafaa, lakini akaomba pia kioo na maji pale pa kutokea, ajiangalie na kunawa mbele ya kupanda bisi.

Tulipeleka yote kwa wakubwa, na maombi tuliyaandika chini ya neno la tatu. Biro ya kununua ilijibu kama ile kashene haiko kwenye orodha yao. Tukatuma barua ya pili, na kurasa za kaye ndani. Kioo kilishafika, kimepigwa misumari karibu na bomba la maji. Kashene tunaingojea.