Afya: «Infeksio» ni jina moja, magonjwa ni matatu; tone la potasi lasaidia kuyatofautisha

Mama anayewashwa na kutokwa na majimaji ukeni, akiwa Goma ao Bukavu, mara nyingi anapewa jibu la neno moja: «infeksio». Ananunua vidonge vya metronidazole kwenye famasi, ao ovuli alizoshauriwa na jirani. Muwasho ukirudi, maneno yanaanza nyumbani: bwana anataka kujua ugonjwa umetoka wapi.

Swali hilo lina majibu zaidi ya moja, na labo ndogo yenye mikroskopu inaweza kusaidia kuyapata siku ileile.

Kandida ni kuvu, ao shampinyo kama wengi wanavyosema. Inaweza kumpata mwanamke mjamzito, mwenye kisukari ao aliyemaliza tu kunywa antibiotiki, bila mtu yeyote kutoka nje ya ndoa. Vajinozi ya bakteria inatokea wakati bakteria wanaolinda uke wanapungua na wengine wanazidi. Trikomonasi ni kijidudu kinachopita kwa ngono. Hapo bwana naye anapaswa kutibiwa, hata kama hasikii kitu.

Kwa kuyatofautisha, majimaji yanachukuliwa kwa kijiti chenye pamba na kuwekwa kwenye vioo viwili. Kioo kimoja kinapata tone la maji ya chumvi. Kingine kinapata hidroksidi ya potasi ya asilimia 10, ao KOH. Hiyo ni ndugu ya soda kostiki ya watengeneza sabuni, na inakula vilevile: seli za mwili zinayeyuka, lakini ukuta wa kuvu, wenye kitini, unavumilia. Baada ya dakika chache nyuzi za kandida zinaonekana wazi.

Kabla ya hapo, mtu wa labo ananusa. Wengine wanaweza kucheka, lakini ni kipimo kinachokubalika. Potasi ikitoa harufu ya samaki, inaelekea kuwa vajinozi, ijapokuwa trikomonasi pia inaweza kuitoa. Harufu hiyo ni moja kati ya alama nne zilizopangwa na Amsel na wenzake mwaka wa 1983. Zingine ni majimaji mepesi yanayofanana kote, pH inayozidi 4,5 na seli zilizofunikwa na bakteria. Zikipatikana tatu, ni vajinozi. Seli hizo zinatafutwa kwenye kioo cha maji ya chumvi, pamoja na trikomonasi, ambayo inatambuliwa kwa kutembea kwake. Kioo kikikawia, inaacha kutembea.

Kukosea kuna bei. Metronidazole haiui kandida, na wakati mwingine inaifungulia njia. Vajinozi kwa mwanamke mjamzito inahusishwa na kuzaa kabla ya wakati, tena inaongeza hatari ya kupata virusi vya SIDA.

Hata hivyo potasi haioni yote. Kuvu ikiwa kidogo, kioo kinaweza kuonekana safi na mama ni mgonjwa. Wanawake wengine wana kandida bila dalili yoyote, nao hawahitaji dawa. Gonorea na klamidia hazionekani kwa njia hii. Maumivu ya tumbo la chini ao homa yanadai uchunguzi mwingine.

Potasi hiyohiyo, ya asilimia 10 hadi 20, inatumika kwa ngozi, nywele na kucha. Kwa mtoto mwenye mapunye, wanakwangua ukingo wa baka na kuchomoa nywele zilizokatika. Wazazi wanaopaka krimu za kortizoni wangefaidika sana na kipimo hiki, maana krimu hizo zinatuliza muwasho huku kuvu ikienea.

Kazi yenyewe haidai mashini kubwa. Kuna mikroskopu zinazotumia kioo cha kurudisha mwanga wa jua, pasipo umeme. Potasi inakaa katika chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri. Inachoma ngozi na kuharibu lenzi.

Kwa upande wake, mama anayekwenda kupimwa asijioshe ndani wala asiweke ovuli kabla majimaji hayajachukuliwa.