Saratani ya mlango wa kizazi: Mama asisubiri kuumwa ndipo apime

Katika nyumba nyingi, mama ndiye anayekumbuka tarehe ya chanjo ya mtoto na dawa za presha za bibi. Siku yake mwenyewe ya kupimwa huisogeza mbele kwa sababu moja: haumwi.

Saratani ya mlango wa kizazi huanza bila maumivu. Husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa kawaida mabadiliko ya seli huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi mara nyingi huonekana ugonjwa ukiwa umeshasogea.

Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Kipimo kinachotumika katika vituo vingi Tanzania ni chepesi: muuguzi hupaka asidi hafifu ya siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mabadiliko hayo si saratani, na mara nyingi hutibiwa kwa baridi kali au joto, mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Akichelewa, safari hubadilika. Tiba ya mionzi hutolewa katika hospitali chache, zikiwamo Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, na huchukua wiki kadhaa. Anayetoka mbali huacha watoto, shamba na biashara.

Hapo pole pekee haitoshi. Ndugu wagawane kazi: mmoja amsindikize hospitali, mwingine alale na watoto, mwingine ashughulikie nauli na chakula. Watoto waambiwe ukweli unaolingana na umri wao: mama anatibiwa, saratani haiambukizwi kwa kula naye, na hakuna aliyemkosea hadi akaugua.

Mume naye ana sehemu yake. Maneno kwamba huu ni ugonjwa wa wahuni huwafanya wanawake wajifiche. Watu wengi wanaojamiiana hupata HPV wakati fulani, na wanaume ni miongoni mwao. Baada ya mionzi, uchovu na maumivu huweza kugusa hata unyumba. Ni vyema wamwone daktari wakiwa pamoja.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa mabinti nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilihamia dozi moja kwa wale wa miaka 9 hadi 14. Aliyechanjwa bado atahitaji kupimwa akiwa mtu mzima. Mama anayempeleka binti kuchanjwa anaweza kumuuliza muuguzi huyo huyo siku ya kupimwa kwake, na baba akabaki na watoto siku hiyo.