Miaka 50 baada ya "Shida", kijana wa Dodoma anadai riwaya yake

Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alitoa riwaya fupi iitwayo "Shida". Vijana wawili, Chonya na Matika, wanaupa kisogo ugumu wa maisha ya kijijini Ugogo, hapa Dodoma, na kwenda kutafuta riziki Dar es Salaam. Mji unawachapa, kila mmoja kwa fimbo yake, mpaka kijiji walichokikimbia wanakitazama kwa jicho jingine. Nimeisoma upya mwezi huu na kuimaliza nikiwa na hoja moja: Dodoma ilikwisha kuingia kwenye riwaya za vijana zamani, tena kwa mkono wa mwanamke, na sasa umefika wakati wa kurudi humo kwa kishindo.

Maana mambo yamepinduka. Enzi za Balisidya kijana aliondoka. Leo vijana wanakuja. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinawaleta kutoka kila mkoa. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, watumishi wamehamishwa na watoto wao wamebadilishiwa shule. Tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha abiria wa Dar es Salaam hapa kwa chini ya saa nne. Binti aliyezaliwa Temeke anajikuta darasani Nkuhungu, midomo imepasuka kwa upepo wa Julai, ameketi na rafiki ambaye bibi yake anazungumza Kigogo tu. Kijana wa pembezoni mwa mji naye anaona shamba la zabibu la babu yake likikatwa viwanja. Visa vya riwaya vinapita mbele ya macho yetu kila siku.

Lawama iliyozoeleka ni kwamba vijana hawa hawasomi. Siikubali. Wanasoma sana, ila kwenye simu. Simulizi zinazogawiwa WhatsApp huanza bure. Utamu ukikolea msomaji anaambiwa atume fedha ili apate mwendelezo, naye anatuma. Wazazi wao walimfuata mpelelezi Willy Gamba wa riwaya za Elvis Musiba kwa hamu hiyohiyo, na baadaye wakasubiri gazeti kwa ajili ya hadithi za Eric Shigongo. Kiu ipo. Kasoro ni kwamba kitabu tunachomkabidhi kijana kwa mkono wetu sisi wakubwa karibu kila mara huja kimefungwa pamoja na mtihani.

Chukua nakala ya "Watoto wa Mama N'tilie" ya Emmanuel Mbogo iliyokwisha kupita mikononi mwa wanafunzi kadhaa. Pembezoni kumejaa penseli: "dhamira – umaskini", "tashbiha", "mhusika bapa", "ujumbe wa 3". Methali zote zimepigiwa mstari kwa rula. Pale watoto wanapofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, mtu ameandika "athari za umaskini – hoja ya 2". Sijaona mahali palipoandikwa kwamba msomaji ameumia, au amekasirika, au amemkumbuka mwenzake aliyeacha kuja shule. Mbogo aliandika kitabu chenye uchungu mkali, nasi tumekigeuza orodha ya majibu. "Takadini" ya Ben Hanson nayo, inayomweka msomaji upande wa mtoto mwenye ualbino huku watu wenye ualbino wakiwa wamewahi kuwindwa na kuuawa nchini mwetu, inastahili zaidi ya alama za kidato cha nne.

Kati ya vitabu nilivyomaliza karibuni, kilichonichangamsha kuliko vyote ni "Marimba ya Majaliwa" cha Edwin Semzaba, kilichotoka mwaka 2008. Wengi wanamjua Semzaba kwa tamthilia yake ya "Ngoswe". Humu anatupa mvulana aliyeibiwa marimba yake na kulazimika kuizunguka nchi nzima kuitafuta, maajabu yakimwandama njiani. Kijana anacheka, anaogopa, na huku anaijua Tanzania bila kuona kama anafundishwa. Kwa msomaji wa Dodoma kuna raha ya ziada: marimba ndiyo ala ambayo Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, aliibeba hadi majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Huyu ni msomaji ambaye huenda amewahi kumwona mzee wa jirani akivichezea vyuma vya marimba kwa vidole gumba jioni, na hajawahi kudhani kwamba kitu cha nyumbani kwao kinaweza kuwa roho ya riwaya.

Kwa nini vitabu vya namna hiyo ni vichache? Fedha ina sehemu yake. Kwa miaka kadhaa tuzo iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya vijana nchini, Tuzo ya Burt, ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Ilituzalia kazi nzuri, zikiwamo za Nahida Esmail, na waliozisoma walifaidika. Lakini mwandishi wa vijana kwa Kiswahili alibaki mikononi mwa mchapishaji ambaye, kabla ya kuuliza kama hadithi ni tamu, huuliza kama kitabu kitaingia shuleni.

Kitabu nilichonacho mkononi sasa ni "Peponi", riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Haikuandikwa kwa ajili ya vijana, ila shujaa wake ni mmoja wao. Yusuf ana miaka 12 anapokabidhiwa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, na anakua akiwa kwenye msafara wa kwenda bara. Msomaji wa huku anajua kwamba misafara ya kweli ya karne ya 19 ilikatiza Ugogo ikilipa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji. Nikiimaliza nitaingia "Theft", riwaya yake ya 2025 kuhusu vijana watatu wanaotafuta nafasi yao duniani.

Na riwaya zijazo? Macho yangu yako kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023. Mshindi wa kwanza hupata Sh10 milioni, na kitabu chake huchapishwa na kupelekwa shuleni. Ombi langu ni kwamba riwaya ya vijana ipewe kundi lake, na baadhi ya majaji wawe na umri wa wasomaji wenyewe.

Dodoma ina deni lake pia. Ihumwa, jirani na Mtumba ulikojengwa Mji wa Serikali, ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, mtu aliyeieneza ngonjera mpaka ikawa mali ya kila shule nchini. Mkoa uliomtoa Mnyampala na Balisidya haupaswi kuingia kwenye fasihi kama kituo cha mabasi tu. "Shida" ichapwe upya, iwekwe kwenye maktaba ya mkoa na za kata. Kijana anayeandika daftarini huko Kongwa, Bahi au Chang'ombe asihamishie kisa chake Dar es Salaam kwa kudhani ndiko hadithi zinakoishi.

Walimu wanaweza kuanza kesho bila bajeti yoyote. Wawape wanafunzi kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma riwaya waliyoichagua wenyewe, bila dhamira, bila tamathali, bila alama. Mwanafunzi akifunga kitabu, aulizwe swali moja tu: unataka kipi kingine?