Nyanya Ziozazo Kitako: Chokaa, Jasi au Maji?

Nyanya ingali mbichi hupata doa la majimaji upande wa chini, pale lilipokuwapo ua. Doa hupanuka, hubonyea, likawa jeusi na gumu kama ngozi. Huko ndiko kuoza kitako. Hakuletwi na wadudu wala ukungu, hata ukinyunyiza dawa utapoteza dawa. Sababu yake ni tunda kukosa kalsiamu, ambayo ndiyo asili ya chokaa.

Basi wengi wakisikia hivyo hukimbilia kununua chokaa. Ngoja kwanza, uujue udongo wako. Twaa konzi ya udongo mkavu, uukamulie ndimu. Ukitoa mapovu, chokaa imo tele, kama ilivyo katika udongo wa matumbawe wa pwani na Unguja. Ukiizidisha, mmea hushindwa kupata chuma na majani machanga hugeuka manjano. Usipotoa mapovu, usikate shauri bado: tuletee sisi mabwana shamba upimwe. Milimani penye mvua nyingi, kama Usambara, udongo aghalabu huwa mchachu, kwa kuwa mvua huichukua kalsiamu chini sana.

Udongo mchachu wataka chokaa ya mawe yaliyosagwa, kadiri ya gramu 200 kwa kila mita ya mraba, ichanganywe na udongo wiki 6 kabla ya kupanda. Chokaa iliyochomwa, ile ya kupakia nyumba, ni kali. Usiitie pamoja na samadi mbichi, maana ile harufu ichomayo pua ni mbolea yako inayopotea hewani.

Udongo usio mchachu, nao umepungukiwa na kalsiamu, upe jasi, ambayo haigeuzi uchachu. Huchimbwa Makanya, wilaya ya Same. Majivu yana kalsiamu, lakini yana potasi pia, nayo ikizidi hushindana na kalsiamu mizizini. Maganda ya mayai husifiwa kupita kiasi: vipande vyake hukaa ardhini miaka. Yasage yawe unga, uyatie katika udongo mchachu.

Lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila haifiki tundani. Husafiri ndani ya maji, na majani huyavuta maji mengi kuliko tunda. Ukilowesha bustani leo, kisha ukaiacha siku nne juani, majani hujitwalia yote, na tunda changa hubaki na njaa. Kwa hiyo mwagilia kwa kadiri ileile, ufunike udongo kwa nyasi kavu, wala jembe lisikate mizizi karibu na shina. Usizidishe mbolea ya salfeti ya amonia. Huharakisha majani na kuizuia kalsiamu.

Tunda lililokwisha kuoza haliponi. Lichume, ukate sehemu mbovu, iliyo nzima ipikwe. Kisha vitazame vichala vifuatavyo kwa wiki mbili tatu za maji ya sawasawa, kabla hujatoa shilingi yako kununua chokaa.