Mti Si Dawa Mpaka Upimwe
Mjini Juba, kama kwingineko Afrika Mashariki, wagonjwa wengi hutegemea mizizi na majani. Tegemeo hilo lina msingi, lakini mti mmoja wa Kenya watoa onyo. Katika miaka ya 1970, tani 27 hivi za Maytenus buchananii zilivunwa Milima ya Shimba kwa utafiti wa Marekani. Kemikali yake, maitansini, iliua seli za saratani. Lakini iliwadhuru mno wagonjwa waliojaribiwa, ikaachwa. Mwaka 2013 ndipo Marekani ilipoidhinisha dawa ya saratani ya matiti iliyotokana nayo, ikiwa imefungamanishwa na protini inayoifikisha kwenye seli zenye ugonjwa. Ni dhahiri, basi, kwamba nguvu ya mti haitoshi. Amwachaye daktari kwa ajili ya mzizi usiopimwa huyaweka maisha yake hatarini.